Kambi Moto: Ghorofa Zilizoanza na Shilingi za Mlangoni

Jina halikuja bure. Kipande hiki cha Huruma, kaskazini-mashariki mwa jiji la Nairobi, kiliitwa Kambi Moto kwa sababu kiliungua, kikajengwa, kikaungua tena. Vibanda vya mabati na mbao vilikuwa vimegusana mabega. Vichochoro vilikuwa vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana, mmoja hugeuka ubavu ili mwenzake apite. Katika mtaa wa namna hiyo, jiko la mafuta ya taa likipinduka usiku wa manane kwa jirani wa kwanza, jirani wa kumi ana dakika chache tu za kumbeba mtoto na kunyakua mkoba wa vyeti. Gari la zimamoto, hata likiitikia mara moja, halina pa kupita.

Upande uliojengwa upya una nyumba nyembamba za mawe, zimepanda juu na kushikana ukuta kwa ukuta. Kila moja imekalia uwanja wa mita nne na nusu kwa mita nne na nusu: hatua sita za mtu mzima kwenda, sita kukata. Ni padogo. Lakini ukuta wa mawe haushiki moto kama mbao, choo kiko ndani, na mlango ni wa kufungwa kwa ufunguo.

Waliozijenga ni wale wale waliokuwa wakiunguliwa. Walianza na akiba ya shilingi kumi, ishirini, hamsini, iliyokusanywa mlango kwa mlango, na ni vyema msomaji naye aanzie hapo hapo walipoanzia wao, kwa kuwa mambo mengine yote ya Kambi Moto, tangu ramani hadi mkopo hadi ngazi ya kupandia, yalizaliwa katika daftari lile la akiba.

Wanavijiji wa mjini

Chama kilichowalea kinaitwa Muungano wa Wanavijiji. Mgeni wa Nairobi hushangaa: wanavijiji mjini? Lakini wenyeji wa mitaa ya mabanda hukiita kijiji kila kitongoji chao, chenye wazee wake na mipaka yake ijulikanayo kwa mtaro, kwa mti au kwa nguzo ya umeme. Muungano ulizaliwa mwaka 1996, enzi ambazo bomoabomoa ilikuwa habari ya kawaida. Watu walikuwa hawajasahau Muoroto, mtaa uliokuwa karibu na kituo cha mabasi ya mashambani, uliovunjwa Mei 1990 kwa nguvu zilizozua ghasia jijini. Miaka ya mwanzo kazi ya Muungano ilikuwa moja tu: kuzuia. Wanakijiji walikusanyika, mawakili wa Kituo cha Sheria wakasaidia mahakamani, viongozi wa dini wakapaza sauti. Mara nyingine walishinda. Mara nyingine waliamkia vifusi.

Kuzuia kunachosha. Mtu anaweza kusimama mbele ya tingatinga leo, akasimama tena kesho, lakini akirudi nyumbani jioni anakuta paa lile lile lililotoboka na mtaro ule ule wa maji machafu unaopita kizingitini. Ndipo wazo la akiba lilipoingia, kutoka pande mbili. Upande mmoja ulikuwa karibu: wachuuzi wa soko la Toi, jirani na Kibera, waliokuwa wakiweka fedha kidogo kidogo kila siku ya soko. Upande wa pili ulikuwa ng'ambo ya bahari: wanawake wa Mumbai, India, walioishi kandokando ya barabara na kuungana katika kundi la Mahila Milan, wakishirikiana na shirikisho la wakaazi wa mabanda lililoongozwa na Jockin Arputham, mwanaharakati aliyefariki mwaka 2018. Mwaka 2000 likaanzishwa shirika la Pamoja Trust, likiongozwa na mwanasheria Jane Weru, ili kuwasaidia wanavijiji katika mipango, hesabu na mazungumzo na serikali. Wajumbe wa Nairobi wakapanda ndege kwenda India, Wahindi nao wakaja Huruma. Mazungumzo yao hayakuhitaji utangulizi mrefu: choo, maji, paa, askari wa jiji.

Utaratibu wa akiba yenyewe ni mwepesi kuueleza. Mkusanyaji, mara nyingi mwanamke anayeishi humo humo kijijini, huzunguka na daftari na kalamu. Hufika kwa mama fulani, anayeitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mama fulani, leo kuna kitu? Kuna ishirini. Huandikwa kwenye daftari la chama, huandikwa tena kwenye kijitabu cha mwanachama, wote wawili wakiangalia kalamu. Kesho yake hakuna kitu, kibarua hakikupatikana. Inaandikwa hivyo hivyo. Keshokutwa hakuna tena. Siku ya nne mkusanyaji haondoki upesi mlangoni. Anauliza. Anakuta mtoto ana homa tangu Jumamosi, au baba ameachishwa kazi kiwandani, au mwenye kibanda amepandisha kodi. Hadi jioni chama kimejua, na mkutano unaofuata una jambo la kuamua: mkopo mdogo wa dharura, mtu wa kumsindikiza mama hadi zahanati, au wajumbe wawili wa kwenda kuzungumza na mwenye kibanda.

Kazi ya chama cha makazi iko hapo, kabla hata ya jiwe la kwanza. Watu wa Muungano na wenzao wa India wamesisitiza kwa miaka mingi kwamba shilingi ni sababu tu ya kubisha hodi. Kinachokusanywa ni watu. Benki huwa na kumbukumbu ya fedha za mteja. Chama cha Kambi Moto kilikuwa na kumbukumbu ya hali ya nyumba kwa nyumba, siku kwa siku, iliyoandikwa na jirani anayepita mlangoni pako awe na daftari au asiwe nalo.

Swali la mwenye kibanda na mpangaji

Mwaka 2001 vijiji vya Huruma vilijihesabu: Kambi Moto, Mahiira, Ghetto, Redeemed na Gitathuru. Hii haikuwa sensa ya serikali. Wenyeji wenyewe walitia namba kwenye milango, wakapima vibanda kwa utepe, wakauliza maswali ambayo karani wa kutoka nje angejibiwa kwa wasiwasi. Unaitwa nani? Umeishi hapa tangu lini? Mko wangapi ndani? Kibanda ni chako, au umepanga?

Hilo la mwisho lilikuwa kaa la moto.

Atazamaye mtaa wa mabanda kwa mbali hudhani wote waliomo ni maskini wa aina moja. Sivyo. Kwa makadirio yanayonukuliwa mara nyingi, zaidi ya nusu ya watu wa Nairobi wamesongamana katika takriban asilimia sita ya ardhi ya makazi, na wengi wao sana ni wapangaji. Kibanda kina mwenyewe, na mwenyewe huyo anaweza kuwa na vibanda vitano, kumi au zaidi. Hana hatimiliki ya ardhi, ila ana kodi ya kila mwezi, na kodi ya chumba cha mabati humrudishia haraka gharama ya kukijenga. Mwambie kwamba mtaa utaboreshwa, moyo wake unashtuka: mapato yake yatakwenda wapi? Mwambie mpangaji habari hiyo hiyo, naye anashtuka kwa sababu yake: nyumba ikiwa nzuri, mimi nitaimudu? Katika mitaa kadhaa ya Nairobi, mipango ya kuboresha makazi imekwama katika mgogoro huu huu, na haikukwamuliwa na wataalamu wala fedha.

Kambi Moto walikaa wakazungumza. Mikutano ilikuwa mingi na mirefu, na yaelekea haikukosa makelele, maana kuna watu waliotakiwa kuachia pato walilozoea. Walichokubaliana kinaelezeka kwa sentensi moja: kila kaya nyumba moja, iwe ya aliyekuwa mwenye vibanda au ya aliyekuwa mpangaji wake. Mtu aliyekuwa akipokea kodi sasa angekuwa jirani wa ukuta mmoja na aliyekuwa akimlipa.

Inafaa kulitafakari jambo hili polepole. Hakukuwa na hakimu aliyewaamuru. Hakukuwa na fidia. Sababu ya kuwezekana kwake ni kwamba mwenye kibanda na mpangaji walikuwa wameshaandikwa katika daftari moja la akiba kwa muda, wameshasimama pamoja motoni wakimwaga maji kwa ndoo, na wote wawili walijua kwamba tingatinga likija halitamuuliza mtu kama alikuwa mpangaji au mwenye kibanda. Ardhi yenyewe ilikuwa mali ya Baraza la Jiji. Kwenye ramani za mipango ya jiji haikuandikwa hata kuwa ya makazi. Iliandikwa kuwa maegesho ya magari.

Mwaka 2003 baraza hilo na wanavijiji wa Huruma walitia saini hati ya makubaliano. Baraza likakubali ardhi itumiwe na wakaazi kujijengea, na likakubali vipimo vidogo kuliko vile vilivyodaiwa na kanuni za ujenzi za jiji. Hili la pili lilikuwa na uzito kuliko linavyosikika. Kanuni zile zilitaka kiwanja cha ukubwa ambao, kama ungefuatwa, ungetosha familia chache na kuwatupa nje zilizobaki. Familia zilichagua kubanana, mradi asiachwe mtu.

Nyumba ya kitambaa

Kabla ya nyumba ya mawe ilijengwa nyumba ya kitambaa. Wakaazi walisimamisha fito, wakavuta mashuka na vitambaa kati ya fito na fito, wakapata nyumba yenye ukubwa ule ule wa nyumba ya kweli, kisha wakaingia ndani. Ni njia waliyojifunza kwa Wahindi, na ubora wake ni kwamba haimtaki mtu ajue kusoma ramani. Mama anaingia, anasimama pale jiko litakapokuwa, ananyoosha mkono. Sufuria itakaa wapi? Mlango ukifunguliwa, hautagonga kitanda? Ngazi ikikaa hapa, bibi mzee atapanda vipi? Wasanifu majengo walikuwepo wakiandika. Mchoro uliobaki mwishoni ulikuwa umeshatembelewa kwa miguu na watu watakaouishi.

Waliloamua ni nyumba inayokua. Familia ingeanza na sehemu ya chini: chumba, mahali pa kupikia, choo na bafu, na ngazi. Uwezo ukiongezeka, inaongezwa ghorofa ya kwanza, kisha ya pili. Mpango huu unafuata pato la watu wanaouza mboga, wanaofua nguo, wanaobeba mizigo au wanaofanya kazi ya jua kali, ambao mwezi huu wanaweza kununua mifuko miwili ya saruji na miezi mitatu ijayo wasinunue hata mmoja. Nyumba inayokamilishwa kwa mkupuo humdai mtu mshahara wa kila mwezi. Hii ilikubali kumsubiri.

Na sakafu za ghorofa? Hapa ndipo penye jambo la kupendeza kuliko yote, angalau kwa mtu anayependa kazi za mikono. Sakafu ya kawaida ya zege humwagwa juu ya mbao nyingi za kushikilia, ikiwa imejaa nondo, na mbao na nondo ni ghali. Kambi Moto walitumia laadi, neno walilokuja nalo kutoka India. Laadi ni kigae kikubwa cha zege chenye mgongo wa kuba, kama ungo uliopinduliwa. Hutengenezwa chini kwenye kalibu, huachwa kiwe kigumu huku kikimwagiwa maji kisije kikapasuka, kisha hupandishwa juu na kupangwa kati ya mihimili, na sakafu bapa hujazwa juu yake. Ndani ya kigae hamna nondo. Umbo lake la kuba ndilo linalobeba: uzito ukikanyaga juu, unashuka kwa pembeni kuelekea mihimilini, na zege, ambalo ni dhaifu likivutwa, lina nguvu sana likikandamizwa.

Wanawake wa chama walizifyatua laadi hizo wenyewe, pale pale mtaani. Kila moja ilikuwa fedha isiyokwenda dukani kununua chuma. Ilikuwa pia ujuzi uliobaki kijijini, mikononi mwa watu ambao hapo awali kazi ya ujenzi iliwajia kama vibarua vya kubeba kokoto. Yeyote aliyewahi kumwona fundi mwashi wa Nairobi akimwambia mwanamke asogee kando kwa sababu mjengo si kazi yake, ataelewa maana ya kuona kina mama wakipima mchanga kwa karai na kukataa mchanganyiko wenye maji mengi.

Fedha zilikwenda hivi: mwanachama aliweka akiba kwanza, sehemu fulani ya gharama, kisha akapata mkopo wa kumalizia, unaolipwa kidogo kidogo kwa miaka. Mikopo ilitoka katika mfuko wa Muungano wenyewe, Akiba Mashinani Trust, ulioanzishwa mwaka 2003. Jasho nalo lilihesabiwa: kuchimba msingi, kubeba mawe, kuchota maji. Awamu ya kwanza ilitoa nyumba 34. Ni nyumba chache ukizilinganisha na shida ya Nairobi, na waliozijenga walilijua hilo kuliko yeyote, kwa kuwa majirani zao waliobaki kwenye mabati walikuwa wakizitazama kutoka ng'ambo ya kichochoro.

Baada ya ufunguo

Miradi mingi ya nyumba humaliza kazi siku ya kukabidhi funguo. Kwa chama cha wakaazi, siku hiyo huleta maswali mapya. Nani analipa bili ya maji wakati bomba ni moja? Mfereji wa majitaka ukiziba saa nne usiku, nani anaamshwa? Mwanachama akifiwa na mumewe katikati ya mkopo, je, nyumba inachukuliwa? Mkusanyaji wa akiba anaendelea kuzunguka, safari hii akiwa na safu mbili za kuandika: akiba na rejesho la mkopo. Akikuta rejesho limekosekana miezi miwili, hulileta kwenye kikundi kabla halijawa deni lisilolipika. Kikundi humkopesha mwenzao mtaji wa kurudisha meza ya mboga barabarani, kwa sababu meza ikirudi, rejesho nalo litarudi.

Uzito wa mafungamano haya ulionekana mapema mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Mitaa ya Nairobi iligawanyika kwa makabila, na Huruma na Mathare zilikuwa miongoni mwa zilizoumia. Soko la Toi, mojawapo ya machimbuko ya akiba za Muungano, liliteketezwa katika ghasia hizo. Wachuuzi wakabaki na majivu na funguo za makufuli yasiyokuwapo. Soko hilo lilijengwa upya na wachuuzi wenyewe, na walipogawana upya nafasi, vikundi vya akiba vilikuwa na kumbukumbu ya nani alikuwa akiuza wapi. Katika wiki ambazo jirani alikuwa akimwogopa jirani kwa sababu ya jina lake la ukoo, kuwa na orodha iliyokubaliwa na pande zote ilikuwa hazina.

Si yote yaliyofaulu. Mtu asiyeweza kuweka hata shilingi kumi kwa mfululizo huachwa nyuma na mfumo unaosimama juu ya akiba, na mara nyingi huyo ndiye mwenye shida kuliko wote: mgonjwa wa muda mrefu, mzee asiye na mtoto, binti aliyeingia mjini juzi. Vikundi hubeba baadhi yao, lakini haviwezi kuwabeba wote. Ujenzi wa hatua kwa hatua nao huchosha. Anayeishi kwenye mabati huku mwenzake akipanda ghorofa anahitaji uvumilivu ambao si haki kumdai mtu miaka nenda miaka rudi. Na hati ya makubaliano na baraza, pamoja na heshima yake yote, ni kitu tofauti na hatimiliki.

Kisha lipo suala la kuuza. Nyumba ya mawe katikati ya jiji humezewa mate na wenye fedha. Mkaazi aliyebanwa na ada za shule anaweza kuuza kwa bei ya haraka na kurudi kwenye mabati mtaa wa pili. Wakenya wa Voi, kaunti ya Taita Taveta, walilitazama jambo hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika mtaa wenye jina la kupendeza, Tanzania-Bondeni. Walipoelezwa njia mbalimbali za kumiliki ardhi, waliamua ardhi ibaki ya jumuiya nzima, na kila familia imiliki nyumba iliyojenga juu yake. Nyumba inaweza kubadilisha mikono kwa utaratibu wa jumuiya. Ardhi haiingii sokoni. Waliowahi kuona mitaa iliyopimwa viwanja kisha ikanunuliwa yote na watu wasioishi humo hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Dar es Salaam ina funzo la aina nyingine. Upanuzi wa bandari ulipowahamisha wakaazi wa Kurasini katika miaka ya mwisho ya muongo wa 2000, wapangaji walikuwa katika hali ngumu kuliko wote, kwa kuwa fidia hufuata umiliki wa jengo. Wanachama wa shirikisho la maskini wa mijini, wakisaidiwa na shirika la Centre for Community Initiatives, waliunganisha akiba zao wakanunua ekari 30 Chamazi, kusini mwa jiji. Wakafyatua matofali ya kufungamana, wakachimba kisima, wakaweka mfumo wa kusafisha majitaka kwa bwawa la mimea. Ni kazi kubwa iliyofanywa na watu ambao sheria ya fidia haikuwaona. Lakini Kurasini iko jirani na bandari, vibarua na masoko, na Chamazi iko mbali na hayo yote, kiasi kwamba nauli ya daladala imekuwa sehemu ya gharama ya nyumba. Kambi Moto walibaki palepale walipokuwa. Mama anayeuza sokoni Huruma alihama kutoka kibandani hadi ghorofani bila kupoteza mteja hata mmoja.

Ni kata hiyo hiyo ya Huruma iliyotangazwa duniani usiku wa tarehe 29 Aprili 2016. Mvua kubwa ilinyesha, na jengo la ghorofa sita lililosimama ukingoni mwa mto likaporomoka likiwa limejaa wapangaji. Waliokufa walikuwa karibu 50. Mtoto mchanga wa kike alitolewa kifusini akiwa hai baada ya saa 80 hivi, amefungwa blanketi. Jengo lile lilikuwa la mtu binafsi, na wapangaji wake walilipa kodi kila mwezi bila nafasi yoyote ya kuuliza mihimili ina nondo kiasi gani. Kambi Moto iko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hapo, na kule kila mpandaji ngazi alimjua aliyefyatua sakafu anayoikanyaga.

Upande wa pili wa jiji, mbinu za Huruma zimejaribiwa kwa kipimo kikubwa zaidi. Agosti 2017, Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru, yaani Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo maalumu la mipango. Ni kaya zaidi ya 100,000. Muungano na washirika wake walikuwa wameshakusanya ushahidi wa jambo ambalo kila mkaazi alilijua mfukoni mwake: mtungi wa maji na taa ya umeme wa kuunganishiwa kichochoroni vinamgharimu maskini wa Mukuru, kipimo kwa kipimo, zaidi ya anavyolipa mtu wa mtaa wa kitajiri. Ili kaya zote hizo ziwe na sauti, zilipangwa kwa nyumba kumi kumi, makumi yakaunganishwa kuwa vikundi vikubwa zaidi, hadi wajumbe wa kukaa mezani na wataalamu wa mipango miji. Miaka iliyofuata barabara zilitengenezwa na mabomba ya majitaka yakalazwa katika sehemu za Mukuru ambazo hazikuwahi kuyaona. Hata hivyo Novemba 2021, katika Mukuru hiyo hiyo, maelfu ya watu wa Kwa Njenga walibomolewa nyumba ili kupisha barabara, na familia zikalala kwenye mahema na watoto wao katika msimu wa mvua. Waliofanya kazi ya mpango ule kwa miaka minne walilia, na walikuwa na haki ya kulia.

Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliifikia Mathare, bonde linalopakana na Huruma. Maji yalipoanza kupungua yalifuata matingatinga, kutekeleza agizo kwamba asibaki mtu ndani ya mita 30 kutoka mtoni. Serikali iliahidi shilingi 10,000 kwa kila kaya iliyoondolewa. Vibanda vilikuwa vimesombwa au kulazwa chini, namba za milango zimekwenda na milango, na mbele ya watu waliolowa wakiwa wamebeba magodoro kichwani kukabaki maswali yale yale yaliyoulizwa Huruma mwaka 2001: unaitwa nani, uliishi mlango upi, tangu lini, na nani hapa anakujua?